Paleti, ndala na mlango mbovu: Izigo inaweza kupata sakafu yake ya ngoma

MULEBA. KWA soka, kata ya Izigo haina kesi. Kiwanja kinaweza kuwa na kipara katikati na mbuzi kwenye kona, bado dakika 90 zitapigwa na mshindi atapatikana. Netiboli nayo inataka eneo lililofagiliwa na nguzo mbili tu. Mcheza ngoma ndiye hana kwake.

Huyu anacheza anapopata. Leo ni uani kwenye harusi, chini ya turubai, udongo mwekundu umemwagiwa maji ili vumbi litulie. Kesho ni darasani, madawati yamesukumwa ukutani. Keshokutwa mvua imeshuka, na mvua ya ukanda huu wa Ziwa Victoria si ya kuchezea: Bukoba, mji jirani, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Uani panageuka tope, watu wanahamia barazani, juu ya saruji.

Na hapo kwenye saruji ndipo goti linapoanza kulipa deni.

Mtu akiruka na kutua, mguu unapokea nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Nguvu hiyo lazima iende mahali. Udongo unakula kidogo. Mbao iliyoinuliwa, yenye nafasi chini yake, inakula zaidi, kwa sababu inabonyea kidogo halafu inarudi. Saruji haili kitu. Kila kitu kinarudi kwenye kisigino, kinapanda kwenye muundi, goti, nyonga hadi kiuno. Mara moja si tatizo. Mara mia mbili kwa jioni moja, siku nne kwa wiki, ni habari nyingine.

Mtoto wa miaka 12 hatasema. Atachechemea asubuhi, ataambiwa ni mvivu, jioni atarudi tena mazoezini kwa sababu anapenda. Akifika miaka 18, umri ambao angekuwa moto kweli kweli, ameshaacha. Mtaani watasema amekua, ameona mambo ya ngoma ni ya kitoto.

Ngoma na kwaya zimo kwenye mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, bega kwa bega na soka, netiboli na riadha. Mkimbiaji anatafutiwa raba, kipa anatafutiwa glavu. Mcheza ngoma anatafutiwa sare. Sare haizuii goti kuuma.

Mlango, boksi na mabaki ya mwaloni

Watu wa kucheza wamekuwa wakiokota sakafu zao tangu zamani. Huko Ireland, ambako ngoma yao ni ya kugonga chini kwa viatu vigumu, nyumba nyingi za vijijini zilikuwa na sakafu ya udongo au mawe. Walichofanya ni kung'oa mlango kwenye bawaba, kuulaza chini, na mchezaji anapanda juu yake. Wakimaliza, mlango unarudi mahali pake na watu wanalala.

Marekani, kwenye mitaa ya Bronx mjini New York, vijana waliokuja kuupa ulimwengu mtindo wa breaking walichukua maboksi makubwa ya makaratasi, wakayapasua, wakayatandaza kwenye lami. Wengine walibeba kipande cha kapeti la plastiki kilichoviringishwa begani. Hip hop yenyewe huhesabiwa kuanza kwenye sherehe ya DJ Kool Herc ya Agosti 11, 1973, na breaking ilikua ndani yake. Boksi lilisaidia ngozi isichubuke na mgongo uteleze. Kwa goti halikuwa na msaada wowote, lakini ndicho kilichokuwepo.

Miaka 51 baadaye, Agosti 9 na 10, 2024, breaking ikachezwa kwenye Olimpiki ya Paris, katika uwanja wa Place de la Concorde. Ami wa Japan akabeba dhahabu ya wanawake, Phil Wizard wa Canada ya wanaume. Afrika nzima ilikuwa na watu wawili, wote wa Morocco: Fatima El-Mamouny na Bilal Mallakh. Afrika Mashariki haikuwa na mtu.

Lakini sakafu ya mabaki iliyopata heshima kuliko zote ni ya kikapu. Mwaka 1946, timu ya Boston Celtics ilihitaji sakafu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imetoka kwisha na mbao ndefu zilikuwa adimu. Fundi Anthony DiNatale akatumia vipande vifupi vya mwaloni, mabaki ambayo kwa siku za kawaida yangeonekana ya kuchomea moto. Akavipanga kwa kuvikatisha, huku vimelala, huku vimesimama, hadi vikatengeneza paneli 247, kila moja futi tano kwa tano.

Paneli hizo zilifungwa kwa bolti, maana ukumbi huohuo ulichezewa pia magongo ya barafuni. Siku ya kikapu zinafungwa, siku ya barafu zinafunguliwa. Celtics walitwaa ubingwa mara 16 wakiwa na sakafu hiyo, na ilidumu hadi mwaka 1999. Ule mpangilio wa vipande unaoonekana kama mkeka, ambao leo watu wanaulipia fedha nyingi, ulitokana na kukosa mbao.

Kwa Izigo, somo la Boston liko kwenye bolti. Sakafu inayofunguka inaweza kuhudumia zaidi ya sehemu moja.

Kutoka vumbi la Kampala

Jirani hapa Uganda wameonyesha kwamba kukosa sakafu hakuzuii kuanza. Abraham Tekya, anayefahamika zaidi kama Abramz, alianzisha Breakdance Project Uganda mwaka 2006 mjini Kampala, mafunzo ya bure, mwenye uwezo na asiye nao wanakaa darasa moja. Kazi yao ilimvuta hadi Crazy Legs, mkongwe wa Rock Steady Crew ya New York, na ikatengenezewa filamu ya Bouncing Cats mwaka 2010.

Halafu kuna Ghetto Kids wa Daouda Kavuma. Watoto hao walijulikana mwaka 2014 wakicheza wimbo Sitya Loss wa Eddy Kenzo, peku, kwenye udongo mtupu. Mwaka 2023 walikuwa jukwaani London, fainali ya Britain's Got Talent.

Ila hadithi hizi zina ubaya wake. Zinawafanya wakubwa waseme, si mnaona, hata kwenye vumbi inawezekana. Inawezekana kwa wachache. Wale ambao magoti yao yaligoma njiani hakuna anayewapigia kamera.

Na safari hii nafasi imesogea karibu. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegal, Oktoba 31 hadi Novemba 13, 2026, ndiyo ya kwanza ya Olimpiki kufanyika Afrika, na breaking imo kwenye ratiba yake. Los Angeles 2028 breaking haimo. Kwa hiyo kwa kijana wa huku, mlango uliopo ni huo wa vijana na mashindano ya bara, na wanaouingia ni wale ambao mwili haujachoka kabla ya wakati.

Isitoshe, sakafu si ya breaking peke yake. Omutoro, ngoma ya Wahaya iliyokuwepo tangu enzi za abakama, inaishi kwa mguu. Ukivuka mpaka hadi Bunyoro kuna Runyege, ambako wanaume wanafunga njuga za mbegu miguuni ili kila hatua isikike. Mguu wa namna hiyo ukitua juu ya mbao yenye uwazi chini, mbao inaitikia kama ngoma nyingine. Wajapani wanalijua hilo zamani: chini ya majukwaa ya mchezo wao wa Noh waliweka mitungi ya udongo ili hatua za mchezaji zivume.

Kinachookotwa, na cha kuachwa

Sakafu ya futi 16 kwa 12 inatosha wachezaji sita hadi wanane wa ngoma, au duara zuri la breaking. Ukiikata kwa paneli za futi nne kwa nne, unapata paneli 12. Hesabu ni rahisi kwa sababu karatasi moja ya plaiwudi ni futi nane kwa nne, yaani paneli mbili. Karatasi sita zinamaliza sehemu ya juu.

Karatasi hizo si lazima ziwe mpya. Mahali pa kuanzia ni kwa mafundi ujenzi, kwenye yale mabodi ya marine yaliyotumika kumwagia zege. Likishatumika mara tatu nne, kontrakta analiona limechoka. Kwa sakafu ya ngoma bado lina maisha, ilimradi kingo hazijafumuka kama keki. Saruji iliyoganda inakwanguliwa kwa patasi na brashi ya waya. Unene unaofaa ni milimita 18. La milimita 12 litalia na mwisho litapasuka kwa watu wa kuruka.

Fremu inatoka kwenye paleti, zile chaga za mbao zinazobebea mizigo ya viwandani. Mbao zake nene za katikati ndizo mali. Zile nyembamba za juu zinafaa kwa vipande vya kukazia. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Paleti za mizigo ya kimataifa hugongwa muhuri pembeni. Ukiona herufi HT, mbao ilitibiwa kwa joto, chukua. Ukiona MB, ilifukizwa kwa methyl bromide, ambayo ni sumu. Hiyo iache ilipo, na wala usiipeleke jikoni kuwa kuni. Yenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa za shamba nayo iache, maana watoto watalala juu yake wakijinyoosha.

Paleti zikikosekana, mabanzi ya misonobari kutoka kwa wapasua mbao yanafaa, yakishakauka vizuri. Mbao mbichi ni hasara tupu. Itajipinda kabla sakafu haijachezewa.

Misumari ya paleti ni kazi ya jioni nzima. Inang'olewa mmoja mmoja, na uliogoma unakatwa kwa msumeno wa chuma. Baada ya hapo chukua spika mbovu ya redio, itoe sumaku, ipitishe juu ya kila ubao na pale chini mlipofanyia kazi. Itakachookota kitawashangaza wenyewe.

Siri iko kwenye ndala

Plaiwudi ikitupwa tu juu ya saruji haijawa sakafu ya kuchezea. Hiyo ni saruji iliyovaa shati. Kinachobadilisha mambo ni kilicho chini.

Kila paneli inapata mbao nne nene zinazolala sambamba, mbili pembeni na mbili katikati, zikifungwa ncha zote kwa mbao nyingine mbili. Bodi linakaa juu. Chini ya kila ubao unaolala unabandika vipande vinne vya mpira laini. Nne mara nne, 16 kwa paneli. Kwa paneli 12 ni vipande 192.

Mpira huo ni soli ya ndala. Soli ya mtu mzima inatoa vipande sita vya sentimita tano kwa tano bila shida, ukikwepa matundu ya kamba. Ukibandika viwili viwili, kimoja juu ya kingine, unahitaji vipande 384, sawa na ndala 64. Jozi 32. Na kwa kazi hii hata isiyo na mwenzake inafaa, ndiyo maana madampo na fukwe za ziwa zinatosha.

Anayeona ndala ni kitu cha dharau akumbuke jahazi la Flipflopi la Lamu, lililotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa vipande vya ndala karibu 30,000. Lilizinduliwa mwaka 2018, na mwaka 2021 lilisafiri ndani ya Ziwa Victoria hilihili.

Kosa la kawaida ni kuchanganya. Ndala laini kona hii, kipande cha tairi la gari kona ile. Tairi ni gumu mno, linakaribia saruji. Mguu ukitua upande mmoja unazama, upande wa pili unagonga, na hapo kifundo kinateguka. Afadhali mpira wa aina moja, hata kama si bora, kuliko mseto. Kipimo chake ni rahisi: mtu mmoja aruke katikati ya paneli, mwingine aweke kiganja pembeni. Asikie mtikisiko mfupi unaokufa haraka. Ikirusha kama kitanda cha springi, punguza. Miguu itachoka kwa namna nyingine.

Bodi linafungwa kwa skrubu, na skrubu za makabati mabovu zinafaa. Msumari kwenye kitu kinachodunda hupanda wenyewe taratibu, na siku moja utaonana na unyayo wa mtu. Kichwa cha skrubu kizame chini ya uso wa ubao, kisha kishimo kizibwe kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msumeno. Kauka, piga msasa, pitisha kiganja, rudia. Mwenye kiganja laini ndiye apitishe, siyo fundi, maana cha fundi hakisikii kitu.

Juu ya hapo watu wanatofautiana. Ngoma za peku zinataka mbao tupu iliyosuguliwa. Breaking inataka kapeti la plastiki, lililonyooshwa na kubanwa kingo kwa mkanda wa gundi, mgongo na kichwa viweze kuzunguka. Vanishi ya kung'aa ni ya kabati la sebuleni. Jasho likidondoka hapo mtu anavunjika mkono. Bango kuukuu la matangazo linaweza kutumika, upande usiong'aa ukiwa juu, ila lisipokazwa linajikunja na kunasa kidole.

Kufunga, kufungua, kuhama

Paneli jirani zinaunganishwa kwa bolti na nati kupitia mbao za pembeni, mbili kila upande. Bolti za vitanda vya zamani zina urefu unaofaa. Matundu yatobolewe kwa kipimo kimoja, kwa kutumia kibao cha mfano, ili paneli yoyote ikae popote. Ukitoboa kwa macho, kila siku ya kufunga mtakuwa mnatafuta ipi ni ya wapi, na mvua inakuja.

Kati ya paneli na paneli iachwe nafasi ya unene wa sarafu. Unyevu wa Kagera unavimbisha mbao, na zikibanana zitainuka katikati. Kingo za nje ziwekewe mbao zilizochongwa kwa mteremko, maana sakafu inasimama kama sentimita 10 kutoka ardhini, na wa kwanza kujikwaa huwa mtoto au mzee anayekuja kutunza.

Ardhi ya uani haijanyooka. Mafundi ujenzi wana dawa yake: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji, mmoja anashika huku mwingine kule, na pale maji yanaposimama ndipo levo. Pengo linajazwa kwa vibao chini ya vile vipande vya ndala. Paneli moja ikining'inia hewani itavunjika siku hiyohiyo.

Kila paneli ina uzito wa kama kilo 30. Watu wawili wanabeba bila kutukanana. Zote 12 ni kama kilo 360, mzigo ambao Fuso haiusikii, na kirikuu kinaupeleka kwa safari mbili bila kulalamika. Zipakiwe mbili mbili, nyuso zikitazamana, gunia katikati. Watu sita waliozoea wanaweza kuifunga kabla wapiga ngoma hawajamaliza kuwamba na kupasha ngozi.

Uhamisho huo ndio unaoifanya iwe na maana kwa kata kama Izigo. Sakafu iliyojengwa moja kwa moja shuleni ni ya shule hiyo, na ya mwenye ufunguo. Hii inaweza kuwa Jumatatu shule moja, Jumatano nyingine, Jumamosi kwenye harusi. Na harusi ilipe. Ikodishwe kwa bei inayotosha skrubu, kapeti jipya na mafuta ya gari, kwa sharti la maandishi kwamba viti vya plastiki na viatu vya visigino vyembamba havipandi. Bibi harusi anaweza kusamehewa kwa wimbo mmoja.

Kinachoua vitu vya namna hii mara nyingi ni mahali pa kulala. Paneli zikilazwa chini stoo, mchwa watamaliza kazi kimya kimya. Zisimamishwe juu ya matofali, mbali na ukuta, hewa ipite. Mbao za fremu zinaweza kupakwa oili chafu dhidi ya mchwa, lakini siyo pale penye ndala, kwa sababu oili na gundi havielewani, na kamwe siyo juu. Daftari moja liandikwe ni nani amezichukua, lini, na zimerudi ngapi.

Karatasi sita zinatoa paneli 12 kamili. Mwenye akili atatafuta kipande cha saba, hata nusu, atengeneze ya 13 na kuificha nyuma ya mlango wa stoo. Kuna siku moja itarudi kutoka harusini na tundu la mguu wa kiti katikati, na mashindano ya shule yatakuwa Jumatatu.